Kuchagua Lenzi ya Mashine Ndogo ya Kukatia kwa Leza

Mmiliki wa mashine ya leza ya kaboni dioksidi anashauriwa kuikagua lenzi kabla ya kununua mrija wenye nguvu zaidi. Mara nyingi mkato hafifu husababishwa na lenzi iliyochafuka, iliyopasuka au iliyowekwa kinyume. Upande uliobinuka sharti uelekee mwale unakotoka.

Kipenyo cha lenzi, ambacho aghalabu ni milimita 12, 18 au 20, hutegemea kishikio kilichopo; lenzi kubwa zaidi huhitaji kichwa kipya. Urefu wa fokasi huchaguliwa kwa kufuata kazi:

• Milimita 38.1: hutoa nukta ndogo, hivyo hufaa kuchonga maandishi madogo, haifai kwa ubao uliopinda.
• Milimita 50.8: hufaa kwa kazi nyingi za kawaida.
• Milimita 101.6: nukta yake ni pana, lakini hufaa kwa vitu vinene.

Kila lenzi inapobadilishwa, umbali kati yake na kitu kinachokatwa upimwe upya.

Mnunuzi adai risiti inayotaja kipenyo, urefu wa fokasi na malighafi. Kioo cha kawaida hakipitishi mwale huu. Lenzi nyingi hutengenezwa kwa zinki selenaidi, ambayo ni sumu. Ikivunjika, zima mashine, vaa glavu na barakoa, kusanya vipande kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uvifunge ndani ya chombo chenye kifuniko. Usivitupe pamoja na taka za jikoni.