Uchovu unaobaki matibabu yakiisha

Dripu ya mwisho imekwisha, nywele zimeanza kuota, majirani wamekuja kumshukuru Mungu pamoja nawe. Kisha unafua mashati mawili na kulala hadi alasiri. Wifi anamnong'oneza mwenzake kwamba unajidekeza.

Uchovu wa saratani hauishi kwa usingizi. Mtu hulala nao na kuamka nao, na unaweza kudumu miezi, hata miaka, baada ya tibakemikali au mionzi. Wagonjwa wengi hawautaji kliniki. Wanaona ni utovu wa shukrani kulalamikia uchovu ilhali wamepona.

Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Southampton kikishirikiana na Macmillan, shirika linalosaidia wagonjwa wa saratani, kiliunda RESTORE, mafunzo ya intaneti ambayo mgonjwa huyafuata mwenyewe nyumbani. Msingi wake ni nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeeleza mwaka 1977 kwamba mtu hujaribu jambo na kudumu nalo kadiri anavyoamini kwamba analiweza. Imani hiyo hujengwa na mafanikio madogo. Ndiyo maana mafunzo haya humtaka mgonjwa ajiwekee lengo dogo, alitimize, kisha aongeze.

Kazi yenyewe huanza na namba. Kila siku unajipima: 0 hakuna uchovu, 10 ni uchovu usioweza kuzidi. Pembeni unaandika ulichofanya. Baada ya wiki moja au mbili, kurasa huanza kusema. Jumatatu ulijisikia vizuri, ukafagia uwanja, ukaenda sokoni, ukapika kwa ajili ya wageni. Jumanne na Jumatano hukuinuka. Hapo ndipo wengi wanapoumia: siku njema inatumiwa yote, na gharama yake inalipwa siku mbili. Dawa yake ni kugawa kazi, kupumzika kabla hujachoka, na kumwachia mwingine lisilo la lazima.

Kutembea nako kumo katika kupambana na uchovu huu. Watu hushangaa ninapowaambia hivyo, lakini uchambuzi wa tafiti 113 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mazoezi na tiba ya kisaikolojia hupunguza uchovu huu kuliko dawa zilizojaribiwa. Anza na dakika chache hadi kwa jirani, si kilomita tano.

RESTORE ilipojaribiwa kwa watu 163, waliopewa mafunzo hayo walilinganishwa na waliopewa kijitabu. Baada ya wiki 6 kulikuwa na dalili kwamba wa kundi la mafunzo wanajiamini zaidi kuumudu uchovu wao. Kufikia wiki ya 12 tofauti ilikuwa imepungua. Asilimia 36 ya washiriki waliacha njiani. Siwalaumu hata kidogo: kumtaka mtu aliyechoka asome kurasa na kurasa ni kumtwika mzigo mwingine. Kwa hiyo chagua programu yenye vipindi vifupi, na bando likiisha, daftari na kalamu vinatosha kwa ile kazi ya namba.

Lakini kabla ya yote, daktari akupime. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, sonona, maumivu na baadhi ya dawa huleta uchovu, na vyote vina tiba yake. Ukishindwa kupumua vizuri, moyo ukienda mbio au homa ikipanda, funga simu uende hospitali. Daftari lako nalo lipeleke kliniki. Namba za wiki tatu humweleza daktari mengi kuliko neno "nachoka".

Kipindi kimoja cha RESTORE kinahusu kuzungumza na walio karibu nawe, na kwangu mimi hicho ndicho chenye thamani kubwa kwa nyumba zetu zenye watu wengi. Wifi haoni damu wala kidonda, atajuaje? Mwonyeshe daftari. Mwambie, "Wifi, leo niko kwenye saba. Nichotee maji, mboga nitachambua mwenyewe nikiwa nimekaa."