Nani Kambeba Mwenzake: Ubishi wa Nyimbo za Wawili Kijiweni

Wimbo wa wawili ni ule ambao waimbaji wawili wanapokezana beti, wanajibizana, au wanaunganisha sauti kwenye kiitikio. Vijana wa mjini huuita kolabo. Dar es Salaam na katika miji mingine ya Tanzania, kubishania jozi ipi iliimba vizuri kuliko zote ni mazungumzo ya kudumu ya kijiweni, na hupisha mpira tu siku Simba na Yanga zinapokutana. Mara chache watu hubishania uzuri wa sauti. Kinachobishaniwa ni jibu: mmoja aliposema, mwenzake alimjibu nini, na kati yao nani alimbeba nani.

Kijiwe ni mahali pa kukaa tu: benchi chini ya mwembe, kibaraza cha duka, au kona anapotua muuza kahawa. Jioni muuza kahawa huweka chini birika lake lenye makaa kitakoni, akagonganisha vikombe kuita watu, na kando yake pakawa na sinia ya kashata. Ubishi huanza kwa tamko. Mmoja husema hakuna waliowahi kuimba kama fulani na fulani, kisha akanyamaza kama mtu aliyefunga mlango. Wa kumpinga lazima awe na adabu. Kijana hamkatizi mzee hivi hivi, hutanguliza “samahani mzee wangu, lakini hapo sikubaliani nawe.” Mzee naye huwa na silaha moja ambayo kijana hana: “Mwaka huo wewe ulikuwa hujazaliwa.” Hoja hiyo huheshimiwa, lakini haimalizi mambo, kwa sababu redio na simu zimewafikishia vijana nyimbo za miaka ambayo hawakuwapo.

Sheria kubwa ya kijiwe ni kwamba mwenye hoja auimbe wimbo anaoutetea. Kuutaja jina hakutoshi, maana anayetaja bila kuimba huonekana amesikia kwa watu. Hapo ndipo wimbo wa wawili unapotofautiana na mwingine wowote, kwani mtu mmoja hawezi kuuimba peke yake na ukaeleweka. Anahitaji wa kumpokea, na mara nyingi anayepokea ni yule yule mpinzani wake, kwa kuwa ndiye anayezijua beti. Basi wabishi wawili huimba, mmoja sauti ya juu, mwingine ya chini, mguu wa meza au ndoo iliyopinduliwa ikiwa ndiyo ngoma. Wakifika pale panapobishaniwa husimama, na mmoja akauliza: “Umesikia hapo?”

Kupima jibu namna hii kuna asili ndefu katika Kiswahili. Washairi wa pwani walizoea malumbano, mmoja akitunga na mwingine akimjibu kwa vina na mizani ile ile, na jamii ikihukumu. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, alieneza ngonjera, shairi ambamo wahusika huanza kwa kupingana na kumaliza kwa kuelewana, na vizazi vya wanafunzi vimesimama mbele ya wageni wa shule kuzighani. Upande wa ngoma, miji ya pwani ilijigawa katika vyama vya beni vilivyoshindana kwa mavazi, gwaride na nyimbo, Arinoti wakiwa upande mmoja na Marini upande wa pili. Zanzibar ina vikundi vikongwe vya taarabu, Ikhwan Safaa cha mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, na kila kimoja kina mashabiki wasiokubali kulinganishwa na wa pili. Anayekaa kijiweni leo anatumia sikio lililonolewa huko.

Kwa wazee wa Dar es Salaam, jozi ya kuanzia ni Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bichuka. Gurumo aliingia NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilipoanzishwa mwaka 1964. Chama kilipogeuka JUWATA na baadaye OTTU, bendi nayo ilibadili jina, ila wapenzi waliendelea kuiita Msondo. Mwaka 1978 ilizaliwa Mlimani Park Orchestra, na Gurumo akawa mmoja wa waliohamia huko. Bichuka naye akaimba humo. Mtindo wa Mlimani ukaitwa Sikinde, na mji ukagawanyika kati ya Msondo na Sikinde, majina yote mawili yakiwa yametoka katika ngoma za Wazaramo. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani, na mtindo mpya wa Ndekule ukaingia katika mashindano.

Kuhamahama huku ndiko kunakoutia ubishi moto. Mwimbaji aliyekuwa na mwenzake huyu katika bendi moja, kisha akapata mwenzake mwingine katika bendi ya pili, hulinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Je, alisikika vizuri zaidi alipopokelewa na nani? Shabiki wa Sikinde hujibu hivi, wa Msondo akajibu vile, na mara swali la sauti limekuwa swali la uaminifu kwa bendi. Kuna pia wanaokataa kabisa kuziweka nyimbo za dansi katika orodha. Hudai kwamba katika bendi waimbaji huwa watatu au wanne mbele ya kipaza sauti, na gitaa la solo ndilo linalojibu, hivyo kuwatoa wawili na kuwaita jozi ni kuwaonea wengine. Pingamizi hili ni zito kuliko linavyochukuliwa kijiweni, na huwa linazimwa kwa kelele tu.

Kongo lazima iingie. Franco na Madilu System walirekodi “Mamou” mwaka 1984 na “Mario” mwaka 1985, Madilu akiimba kwa sauti laini na Franco akiingia kwa maneno mazito ya mtu anayesuta. Wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki hawajui Kilingala, na bado hutambua nani analalamika na nani anakaripia. Tabu Ley Rochereau na M'bilia Bel wana watetezi wao, hasa wale wanaoshikilia kwamba jozi ya mwanamume na mwanamke ndiyo jozi ya kweli. Ndugu Wilson na George Kinyonga, wazaliwa wa Tanga waliojijengea jina Nairobi na bendi ya Simba Wanyika, hutajwa na Wakenya na Watanzania sawia, kila upande ukiwahesabu kuwa wake.

Bongo Fleva, muziki wa kizazi kipya, ilileta kipimo kingine. Hapa wimbo una mwenyewe, na wa pili ni mgeni aliyeshirikishwa. Mgeni akiimba vizuri kupita kiasi husemwa “kamfunika mwenye wimbo”, na hiyo ni sifa kwake na aibu kwa mwenyeji. Professor Jay na Ferooz ni mfano unaopendwa kwa sababu walitembeleana: “Nikusaidieje” ni wa Jay, Ferooz akiwa mgeni, “Starehe” ni wa Ferooz, mgeni akiwa Jay. Mbishi makini huziweka nyimbo hizo mbili pamoja, kama mechi ya nyumbani na ya ugenini. Nairobi wao hawaiachi “Boomba Train” ya E-Sir na Nameless, na kifo cha E-Sir mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 21, kimeupa wimbo huo uzito usiopimika kwa sikio peke yake. Kolabo za kuvuka mipaka, kama ile ya Diamond Platnumz na Davido wa Nigeria, huzua ugomvi wa namna yake: wapo wanaohesabu watazamaji wa YouTube, na wapo wasiotaka hesabu hiyo itajwe kabisa.

Kijiwe ni cha wanaume zaidi, lakini ubishi si wao peke yao. Saluni, kwenye maandalizi ya harusi na katika kumbi za taarabu, wanawake hupima majibizano kwa ukali usio na mfano. Miaka ya 1990 Khadija Kopa wa kikundi cha TOT na Nasma Khamis wa kikundi cha Muungano hawakuimba wimbo mmoja, ila nyimbo zao zilisikilizwa kama nusu mbili za mazungumzo. Ukumbini hukumu hutolewa kwa kutunza: mwanamke huinuka ubeti unapomgusa, akacheza taratibu hadi mbele na noti mkononi, huku akimtazama yule anayetaka ajue kwamba ubeti ni wake.

Ubishi wa kijiweni hauna refa na kura hazihesabiwi. Huvunjika adhana ya Isha inaposikika, au kahawa inapokwisha na muuzaji akaanza kukusanya vikombe. Orodha ya tano bora haiandikwi popote, hivyo kesho yake mtu akifika amechelewa ubishi huanzishwa upya kwa ajili yake. Ubishi husitishwa pia mmoja wa waimbaji anapofariki. Kwenye msiba haulizwi nani alimbeba nani. Nyimbo hupigwa tu, na watu wakasikiliza. Arobaini ikishapita mada hurudi, na yule aliyezoea kumpinga marehemu huwa wa kwanza kuombwa aimbe sehemu yake.