Ugonjwa Unaojificha Moyoni

Wewe unajua malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Je, unajua kwamba kijidudu cha malale kinaye ndugu yake ng'ambo ya bahari? Huyo hushika moyo.

Mwaka 1909, katika nchi ya Brazili, munganga Carlos Chagas alikiona kijidudu hicho katika damu ya mtoto. Huletwa na mdudu afananaye na kunguni mkubwa, akaaye katika nyufa za nyumba za udongo. Usiku humwuma mtu na kuacha mavi yake juu ya ngozi. Mtu akijikuna, kijidudu huingia kwa kidonda au kwa jicho.

Wengi huona homa kidogo tu, kisha husahau. Miaka 10, 20, hata 30 hupita. Ndipo karibu watu 3 katika 10 huugua moyo: moyo hupanuka na kupiga ovyo, miguu huvimba, pumzi hupungua.

Kwa nini? Moyo umefanywa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya kila chembe mna jeni, ndizo maagizo ya kazi ya mwili. Jeni nyingine huamka, nyingine hulala. Waganga wa São Paulo walichunguza mioyo ya wagonjwa, na mwaka 2005 walieleza waliyoyaona. Jeni za vita zimeamshwa sana, kwa sababu chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, hutoa ujumbe uitwao intaferoni-gama. Moyo huo ni kama kijiji ambacho watu wote wameshika mikuki siku zote. Adui ni wachache, lakini vita vyenyewe vinaharibu kijiji.

Iko dawa, benznidazoli. Hufaa zaidi mapema, hasa kwa watoto. Lakini uchunguzi mkubwa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba moyo ukiisha kuharibika, dawa hiyo haizuii ubaya kuendelea.

Basi, ujifunze neno hili: kujisikia mzima si kuwa mzima. Ugonjwa wa Chagas hauletwi na wadudu wa kwetu Kongo, lakini malale nayo huweza kujificha miezi mingi, hata miaka. Wapimaji wakifika kijijini, usikimbilie shamba. Toa tone la damu yako, ulete na watoto wako. Tone moja leo ni afadhali kuliko machozi kesho.