Kasoro Moja Haiui Peke Yake

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita, Marekani na Kanada, kwa mionzi iliyopita kiasi mno. Baadhi yao walifariki kwa majeraha hayo. Profesa wa uhandisi wa programu, Nancy Leveson, akishirikiana na Clark Turner, aliufuatilia mkasa huo hatua kwa hatua na kuchapisha uchunguzi wao mwaka 1993.

Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mhudumu wa mashine aliandika herufi ya eksirei badala ya ile ya elektroni. Akaligundua kosa, akapandisha kishale, akasahihisha, akaendelea. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, maana kazi alikuwa ameizoea. Kumbe masahihisho yakikamilika ndani ya sekunde 8, sumaku za mashine zikiwa bado zinajipanga, programu haikuyashika yote. Skrini ilisema elektroni, ilhali mwali ulibaki na nguvu ya eksirei bila kitu cha kuupunguza. Ukatokea ujumbe wa “Hitilafu 54”, ambao kitabu cha maelekezo hakikuufafanua. Akabonyeza kitufe cha kuendelea, na mgonjwa akapigwa mara ya pili.

Kasoro kama hiyo ilikuwemo hata katika Therac-20, mashine iliyotangulia. Humo haikumdhuru mtu, kwa kuwa vizuizi visivyotegemea programu vilikata umeme. Therac-25 iliundwa bila vizuizi hivyo. Ulinzi wote uliachiwa programu.

Januari 1987, huko Yakima, Washington, kasoro nyingine kabisa ikamuumiza mtu. Kihesabio cha baiti moja kilipanda hadi 255, kisha kikarudi 0, na 0 ilimaanisha hakuna haja ya kukagua mkao wa vifaa. Kitufe kilipobonyezwa wakati huohuo, ukaguzi ulirukwa.

Ndiyo maana Leveson anasisitiza kwamba kuziba kasoro moja moja hakutoshi. Usalama ni sifa ya mfumo mzima: msimbo, vifaa, ujumbe wa skrini, mafunzo, na namna malalamiko yanavyopokelewa. Hospitali zilipouliza, mtengenezaji alijibu kwamba kuzidisha mionzi hakuwezekani.

Leo programu inapima dawa, inaongoza ndege, inahamisha mishahara. Anayeinunua kwa niaba ya umma asiridhike kuambiwa imejaribiwa. Aulize: ikikosea, ni nini kitakachoizuia, na mhudumu atajuaje? Mtengenezaji asiyeweza kujibu maswali hayo hajamaliza kazi yake.