Jinsi sharubati ya machungwa inavyogeuzwa kuwa unga

MSIMU wa machungwa unapofika kilele katika maeneo kama Makueni na Kilifi, matunda hujaa sokoni na bei kuporomoka. Mkulima asiye na mahali pa kuyahifadhi hulazimika kuwauzia mabroka kwa bei ya kutupa kabla hayajaoza.

Njia mojawapo ya kuyaongezea thamani ni kuikausha sharubati yake kwa kuinyunyiza katika hewa moto hadi iwe unga. Teknolojia hii si ngeni. Samuel Percy alipewa hataza yake nchini Marekani mnamo 1872, na hadi leo ndiyo hutumika kutengenezea maziwa ya unga.

Kwanza, machungwa huoshwa na kukamuliwa, kisha sharubati huchujwa. Ukamuaji huhitaji uangalifu, kwani mbegu na ngozi nyeupe zikipondwa hutoa uchungu. Baadaye sharubati hupashwa moto kwa muda mfupi ili kuua viini.

Hatimaye husukumwa hadi juu ya chumba kirefu cha chuma, ambako hutawanywa kuwa matone madogo mno. Hapo hukutana na hewa yenye joto la nyuzi 150 hadi 200 za Selsiasi na kukauka kwa sekunde chache. Tone lenyewe halifikii joto hilo, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke hulipoza, jinsi mtungi wa udongo unavyopoza maji. Ndiyo sababu ladha haiungui, ingawa sehemu ya vitamini C hupotea.

Hata hivyo, machungwa si maziwa. Sukari na asidi zilizomo hulainika zikiwa moto, hivyo sharubati tupu hunata kwenye kuta za mtambo kama kashata ambayo haijapoa. Ili kuzuia hali hiyo, huongezwa maltodekstrini, ambayo hutokana na wanga wa mahindi au muhogo. Wengine hutumia gundi ya migunga, ambayo huvunwa pia katika maeneo kame ya kaskazini mwa Kenya.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika. Kilo 100 za sharubati huwa na takriban kilo 10 tu za sukari, asidi na viungo vingine visivyo maji. Zikiongezwa kilo 10 za maltodekstrini, unga utakaopatikana utakuwa kama kilo 20, na karibu nusu yake haikutoka kwenye chungwa.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi anafaa kusoma maandishi kwenye pakiti. Kuna unga wa vinywaji ambao ni sukari, asidi ya sitriki, rangi na ladha tu, na haufai kulinganishwa na uliotokana na tunda halisi.

Kwa upande wa wakulima, mtambo pekee hautoshi. Kugeuza maji hayo yote kuwa mvuke hula nishati nyingi, na unga wenyewe hufyonza unyevu upesi, hivyo lazima ufungwe katika pakiti zisizopitisha hewa. Aidha, msimu ukiisha mtambo hukaa bure, isipokuwa kuna matunda mengine ya kukausha.

Kikundi kinachonuia kuanzisha biashara hii hakina budi kwanza kumpata mnunuzi, kisha kupiga hesabu ya umeme, maltodekstrini na pakiti. La sivyo, hasara iliyokuwa shambani itahamia kiwandani.