Mteremko, Breki na Fungu la Halmashauri

Chiwata, katika Wilaya ya Masasi, iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde, mahali penye miinuko na miteremko. Huko, kama ilivyo Newala, wanafunzi wengi huenda shuleni kwa miguu au kwa baiskeli, nao wakulima hubeba mizigo kwa baiskeli hizo hizo. Mafunzo ya usalama barabarani kwa watu hawa hayawezi kudumu yasipotengewa fungu na halmashauri. Lakini ni mafunzo ya namna gani yanayostahili fedha hizo? Fizikia itatusaidia kujibu.

Tuanze na baiskeli. Ikishuka kimo cha mita 10 bila breki, nasi tusipohesabu upinzani wa hewa na msuguano, itafikia mwendo wa mita 14 kwa sekunde, yaani kilometa 50 hivi kwa saa. Uzito haubadilishi hesabu hiyo. Unachobadilisha ni kazi ya breki. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na kilo 80, breki zitapaswa kuondoa nishati ya jouli 7,840. Ukiongezwa mzigo wa kilo 50, nishati hiyo hufikia jouli 12,740. Kwa hiyo breki hukaguliwa kabla ya safari, na huanza kufungwa juu ya mteremko, kabla mwendo haujakua.

Sasa tutazame mwenda kwa miguu. Mtoto anaingia barabarani mita 20 mbele ya gari. Tuseme dereva huchukua sekunde 1 kabla ya kukanyaga breki, na barabara ni ya lami kavu. Gari lenye mwendo wa kilometa 30 kwa saa litasimama baada ya mita 13 hivi, na mtoto atapona. Lenye mwendo wa kilometa 50 huhitaji mita 28; litamfikia mtoto likiwa bado na mwendo wa kilometa 37 kwa saa. Hapo hata mtoto aliyefundishwa vizuri hana la kufanya.

Utafiti unakubaliana na hesabu hii. Mapitio ya majaribio 15 yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba mafunzo huongeza maarifa ya watoto na yaweza kubadili tabia zao, ila maarifa hayo hufifia yasiporudiwa. Hakuna hata jaribio moja kati ya hayo lililopima kama majeruhi walipungua. Kwa upande mwingine, huko Dar es Salaam shirika la Amend liliunganisha mafunzo ya wanafunzi na marekebisho ya barabara karibu na shule za msingi: njia za miguu, matuta, vivuko na alama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa kiwango cha watoto kuumia kilipungua kwa asilimia 26.

Funzo kwa halmashauri ni wazi. Fungu la mafunzo lisiishie kwenye mabango na hotuba za siku moja. Lilipie mazoezi ya kuvuka yanayofanyika kando ya barabara yenyewe na kurudiwa kila mwaka, pamoja na ukaguzi wa baiskeli shuleni. Tena liende sambamba na ombi la matuta na vivuko kwa TARURA, inayosimamia barabara za wilaya, au TANROADS, inayosimamia barabara kuu na za mikoa.

Ombi la namna hiyo huanzia kijijini, hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hufika kwenye Baraza la Madiwani kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Madiwani wana maombi mengi mbele yao. Ombi lenye vipimo husikilizwa zaidi.

Vipimo hivyo vyaweza kufanywa na wanafunzi wenyewe. Pimeni mita 50 kando ya barabara, mkisimama mbali na njia ya magari pamoja na mwalimu wenu, kisha pimeni kwa saa muda ambao kila gari hutumia kupita umbali huo. Likitumia chini ya sekunde 3.6, limezidi kilometa 50 kwa saa, kikomo cha sheria katika maeneo ya makazi. Orodhesheni magari 100, mchore grafu, na mwalimu mkuu aipeleke kwa diwani.