Meli za Kigoma zimepata jina jipya: mwenye mzigo Bujumbura aangalie nini?

Mfanyabiashara wa Bujumbura anayefuatilia meli za Serikali ya Tanzania katika Ziwa Tanganyika hatalikuta tena jina la MSCL alilolizoea. Kufikia mwaka 2025 kampuni hiyo yenye makao makuu jijini Mwanza ilikuwa ikijulikana kama TASHICO, yaani Kampuni ya Meli Tanzania.

Kwa mwenye shehena inayosubiri Kigoma, mabadiliko hayo yanaleta maswali mawili. Kwanza, je, mikataba na madai yaliyoandikwa kwa jina la zamani bado yana nguvu? Pili, je, jina jipya linaleta meli Bujumbura? Swali la kwanza lina jibu rahisi. La pili ndilo linalogharimu fedha.

Kampuni iliyorithi meli kuukuu

Meli hizi zilikuwa chini ya idara ya majini ya Shirika la Reli Tanzania, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977. Mwishoni mwa miaka ya 1990 idara hiyo ilitenganishwa na reli, na MSCL ikapewa meli za Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa.

Upande wa Tanganyika ilikabidhiwa MV Liemba na MV Mwongozo za abiria na mizigo, pamoja na MT Sangara ya kubeba mafuta. Zote zilikuwa zimetumika kwa miaka mingi.

Matatizo hayakuchelewa. Meli zilikuwa zikisimama moja baada ya nyingine kwa ubovu. MV Victoria ilisimama mwaka 2014 na kurudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. MV Umoja, inayobeba mabehewa, ilirejea safari za Mwanza hadi Port Bell nchini Uganda mwaka 2018. Mwaka huo huo MV Liemba iliacha kusafiri.

Jina likibadilika, deni linakwenda wapi?

Mwenye mzigo anapaswa kutofautisha mambo mawili ambayo kwa nje yanafanana: kampuni kubadili jina, na kampuni moja kuondoka ili nyingine ishike kazi yake.

Kampuni ikibadili jina tu, inabaki ile ile kisheria. Haki zake, madeni yake na kesi zake zinaendelea. Aliyekuwa akiidai MSCL fidia ya shehena iliyopotea hapotezi dai lake kwa sababu ya jina, na aliyekuwa na deni hasamehewi. Kwa Tanzania, uthibitisho wa mabadiliko ya namna hiyo ni cheti kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

Mwendeshaji akibadilika, hali ni tofauti. Bandari ya Bujumbura yenyewe ni mfano. Kwa miaka mingi iliendeshwa na kampuni ya EPB. Mkataba wake ulipokwisha, kazi ilichukuliwa na Global Port Services Burundi, yaani GPSB. Hapo halikubadilika jina peke yake, bali aliyekuwa akishika funguo za maghala. Katika mabadiliko ya aina hiyo, dai la mzigo ulioharibika kabla ya makabidhiano haliwezi kudhaniwa tu kuwa limehamia kwa mgeni. Linategemea mkataba wa makabidhiano unavyosema.

Reli inayoleta mizigo Kigoma kutoka Dar es Salaam imepitia mabadiliko ya aina zote mbili. Mwaka 2007 TRC ilipisha TRL, ambayo asilimia 51 ya hisa zake zilishikwa na kampuni ya RITES ya India. Mwaka 2011 Serikali ilizirudisha hisa hizo mikononi mwake. Mwaka 2017 sheria mpya iliiunganisha TRL na RAHCO, iliyokuwa ikimiliki miundombinu ya reli, na jina la TRC likarudi. Kwa muda huo wote njia ya reli ilikuwa ile ile, na mteja aliendelea kuuliza kama behewa lipo.

Jina bila chombo

Wenye vituo vya televisheni wanalijua jambo hili. Televisheni ya Taifa ya Tanzania iliacha jina la TVT na kuwa TBC1, na watazamaji wakalizoea jina jipya. Lakini Agosti 2018 vituo vyenye majina makubwa kama ITV, Channel Ten na Star TV viliondolewa katika ving'amuzi vya kulipia vikiwemo vya DStv na Azam, kwa sababu leseni za wenye ving'amuzi hazikuwaruhusu kubeba chaneli za bure. Majina yalikuwepo na vipindi vilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kubebwa, na mtazamaji wa king'amuzi hicho akabaki na kioo kitupu.

Katika ziwa mambo ni hayo hayo, isipokuwa hapa kinachokosekana huwa ni meli au gati. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Jina jipya lilidumu kwa sababu chombo kilikuwa kimetengenezwa kwanza.

Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Burundi mwaka 1993, Liemba ilikuwa ikifika Bujumbura. Baadaye safari zake zilikuwa kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Novemba 2023 ulitiwa saini mkataba wa kuikarabati upya. Serikali ya Tanzania pia ilitangaza mpango wa meli mpya ya mizigo na kiwanda cha kujenga meli mkoani Kigoma.

Msafirishaji asisahau ukubwa wa meli yenyewe. Liemba inachukua takriban tani 200 za mizigo pamoja na abiria wapatao 600. Kwa lori la tani 28, hiyo ni sawa na malori saba. Kwa hiyo hata ikirudi katika hali nzuri, itawafaa zaidi wenye mizigo midogo na abiria wanaosafiri na bidhaa zao. Anayeagiza saruji kwa maelfu ya tani hatapata nafuu kwake. Mzigo wa namna hiyo unahitaji meli za shehena, na sehemu kubwa ya kazi hiyo upande wa Burundi imekuwa ikifanywa na kampuni binafsi kama ARNOLAC na BATRALAC, zinazoleta pia sukari na saruji kutoka Mpulungu.

Meli ikiwepo, gati nalo?

Historia ya Bujumbura inaonyesha kuwa meli nzima pia inaweza kukosa pa kwenda. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, na njia ya Kigoma ikaathirika moja kwa moja. Vikwazo hivyo viliondolewa Januari 1999. Wenye shehena walilazimika kusubiri au kutafuta njia za mzunguko kwa gharama kubwa.

Maji nayo yana uamuzi wake. Tope na mchanga kutoka mitoni na katika mifereji ya mji hupunguza kina cha bandari, na meli haiwezi kujaza mzigo wote ikiwa chini ni kufupi. Mwaka 2024 tatizo lilikuwa kinyume chake: ziwa lilipanda, maji yakaingia bandarini na kukwamisha shughuli. Katika hali zote mbili, meli haina kosa, lakini mwenye mzigo ndiye anayelipa siku za kusubiri.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kulipa

Kwanza, jina kwenye hati. Hati ya shehena, manifesti, ankara na cheti cha bima vinapaswa kuwa na jina moja la msafirishaji. Hati moja ikisema MSCL na nyingine TASHICO, wakala wa forodha arekebishe kabla mzigo haujaondoka Kigoma. Tofauti ya jina ni sababu tosha ya afisa wa Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR) kuuliza maswali, na mzigo unaoulizwa maswali hulala ghalani.

Pili, jina la meli. Mkataba unaotaja kampuni bila kutaja chombo na tarehe ya kupakia unamwachia msafirishaji nafasi ya kungoja. Mwenye mzigo ahakikishe chombo kimetajwa, kina cheti halali cha ubora, na kwamba imeandikwa nani atalipa gharama za kuhifadhi mzigo kisipoondoka.

Tatu, gati. Wakala wa Bujumbura aulizwe wiki hiyo hiyo kuhusu kina, nafasi ya kushusha na hali ya maghala. Taarifa ya mwezi uliopita haifai, kwa kuwa ziwa hubadilika.

Nne, njia mbadala. Barabara ya Kabanga na Kobero hadi Dar es Salaam ni ghali kwa mzigo mzito wa bei ndogo, lakini ratiba yake haitegemei meli moja. Wengi wenye uzoefu hugawa mzigo: bidhaa ya haraka inapita barabarani, nzito isiyooza inapita ziwani.

Muda wa kampuni ya Kigoma kujipanga si mrefu. Agosti 2025 ilizinduliwa kazi ya reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania hadi Musongati, Burundi, njia isiyohitaji meli. Ikikamilika, mwenye mzigo wa Bujumbura atakuwa na chaguo jingine, na hatachagua kwa kuangalia jina lililoandikwa ubavuni mwa chombo. Atauliza bei ya tani moja, siku ya kuondoka na siku ya kufika.